Mashine ya Kashikishi na Lugha Moja Tu

Mashine ilikufa tena siku ya Jumanne, ikiwa katikati ya hesabu za samaki waliovuliwa Puta. Emilienne Nkulu alikuwa mbele yake tangu asubuhi, akiilisha utepe wa karatasi wenye matundu, na taa ndogo nyekundu za usoni mwa mashine zilipozimika zote kwa pamoja aliinua kichwa. Akasikiliza. Mngurumo wa jenereta ulikuwa umekatika, na mahali pake zilikuja sauti za ufukwe wa Kashikishi: wanawake wakigeuza chisense, dagaa wa ziwa lao, juu ya mchanga wa moto, na mtu fulani akimtukana mbwa.

"Lackson!" akaita kupitia dirishani.

Lackson alikuwa mume wake, baba wa Chabu, na ndiye aliyekuwa fundi wa jenereta pale kwenye kituo cha mradi wa samaki. Alitokea mlangoni akijifuta mafuta mikononi.

"Injini imepata moto mingi, Mama Chabu. Nikiiacha itaungua. Wacha ipumue kidogo."

"Na mi nitapumulia wapi? Kazi ya asubuhi yote imekwenda! Si ungenipigia hata filimbi kwanza?"

"Injini haipigi filimbi ikitaka kuungua." Lackson aliitazama mashine, kompyuta kubwa kama kabati la nguo. "Uliza ile kintu yako juu ya nini inasahau. Ile yangu nikiizima, nikiiwasha tena inajua kazi yake."

Akaondoka. Emilienne alibaki akiwa na hasira maradufu, kwa sababu alijua kwamba mashine haikuwa imesahau. Kumbukumbu yake ilikuwa ya vipete vidogo vya sumaku, na vipete hivyo hushika kilichomo hata umeme ukikatika. Samaki wote wa Puta walikuwa bado mle ndani. Kilichopotea ni kujua ilikuwa imefika wapi. Ilikuwa kama mtu aliyezimia sokoni akaamka na kikapu chake kimejaa, ila hajui kama alikuwa anakuja au anaondoka.

Kosa lilikuwa kwenye kiini. Hivyo ndivyo Emilienne alivyoiita ile programu iliyokaa chini kabisa, chini ya programu nyingine zote, ikigawa kumbukumbu, ikiamua kazi gani ishike zamu na ipi isubiri. Mashine yenyewe ilikuwa na uungwana wake: umeme ulipoanza kushuka ilikipa kiini taarifa, na muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kihifadhi mahali kilipofikia. Lakini kiini kilichokuja nayo kilipuuza taarifa hiyo. Waliokiandika walikuwa watu wa miji ambako umeme haukatiki. Muzungu aliyeifunga mashine mwaka 1976 alikuwa amekwisha kurudi kwao, na tangu hapo kila injini ilipopata moto, kazi ilianza upya.

Emilienne alitoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire. Alisomea hesabu Lubumbashi, akarudi Kilwa akamkuta Lackson akitengeneza injini za wafanyabiashara waliokuwa wakivuka na samaki, na lugha waliyokutana nayo, Kiswahili cha bandarini, ndiyo iliyobaki kuwa lugha ya nyumba yao. Kituo cha mradi wa samaki kilimwajiri kwa sababu hakikupata mtu mwingine aliyependa hesabu akiwa tayari kuishi pale. Mwenzake ofisini, Musonda, alikuwa kijana wa Nchelenge, mji jirani, aliyefanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha mgodi mmoja huko Kitwe, akarudi nyumbani kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Hao wawili ndio waliokuwa wakiijua mashine, Emilienne kwa nadharia na Musonda kwa mikono.

Alasiri ile ile, mkuu wa kituo, Ba Mwewa kama walivyomwita kwa heshima, aliwaita ofisini kwake.

"Nimesema na Lusaka kwa redio," alisema. "Wamechoka na ripoti zetu za kuchelewa. Mradi utalipia mafunzo, ili mmoja wenu akirudi aiandike upya hiyo programu ya chini. Mtu mmoja, lugha moja ya kompyuta. Nataka jina la lugha kabla ya Ijumaa."

"Asembla," alisema Musonda papo hapo.

"C," alisema Emilienne, akiitamka Kiingereza.

"Si nini?" aliuliza Ba Mwewa.

"Ni herufi, mukwai," alisema Emilienne kwa neno la heshima la Kibemba. "Herufi ya tatu. Lugha yenyewe ndiyo inaitwa hivyo."

Ba Mwewa alimtazama kuona kama anamfanyia mzaha. "Mimi nilidhani mtasema Kobol. Lusaka wote wanaandika kwa Kobol. Mshahara wenu unatoka kwenye Kobol."

"Kobol ni ya mishahara, ba mukwai," alisema Musonda. "Kiini hakiandikwi kwa Kobol." Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Walirudi chumba cha mashine wakibishana kwa Kiingereza, na hasira zilipopanda wakahamia Kiswahili cha sokoni bila kujua.

"Kumbukumbu ya hii mashine ni ndogo," alisema Musonda. "Kila nafasi ya kumbukumbu ina kazi. Kwa asembla, amri moja ninayoandika ni amri moja inayofanywa. Najua kila kitu kinakaa wapi. Kitabu cha mashine tuko nacho hapa hapa. Hiyo C yako umeionea wapi?"

Emilienne alikuwa hajaiona popote. Alikuwa ameisikia. Mhandisi mmoja aliyepita kupima kina cha ziwa alilala nyumba ya wageni ya kituo, na wakati wa chakula alisimulia kwamba huko Amerika kuna watu walioandika kiini kizima upya kwa lugha hiyo, isipokuwa vipande vichache, na mtu akakisoma kama anavyosoma hoja ya hesabu. Emilienne hakulifuatilia neno "vipande vichache". Alilolishika ni kusoma.

"We unaandika asembla, mwezi ujao we mwenyewe huijui," alimwambia Musonda. "Mara ngapi nimekukuta umeshika kichwa mbele ya karatasi yako mwenyewe? Kiini kikiwa na kosa, nani atalikuta mule ndani?"

"Mimi nitalikuta."

"Na kama haupo?"

"Nitaenda wapi?"

Emilienne aliuliza kila aliyeweza kuulizwa. Jibu la Lusaka kwa redio lilikuja na mikwaruzo: Kobol. Padre mmoja wa misheni, aliyewahi kufundisha hesabu, alimwambia ajifunze Fotrani, kwa kuwa ndiyo pekee aliyoijua. Lackson alisikiliza yote akila ubwali, ugali wa kwao, kisha akasema, "Uko na Kifaransa, Kiswahili, Kibemba na Kiingereza. Na zote hazitoshi?" Akacheka. Emilienne hakucheka. Alikuwa ameanza kuona kwamba kila mtu alimshauri kujifunza kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa nacho tayari.

Alhamisi alirudi kwa Ba Mwewa na swali moja. "Nimeelezwa kwamba C ina programu yake ya kuitafsiri iwe lugha ya mashine, nayo inataka kumbukumbu kubwa kuliko yetu. Ile kadi ya kuongeza kumbukumbu tuliyoahidiwa na mradi itakuja kweli?"

"Imeshaagizwa."

"Nitaikuta nikirudi?"

"Ba Emilienne, nimekwambia imeagizwa."

Basi akachagua C. Na kwa kuwa aliyeijua hoja yake ndiye aliyefaa kwenda, alienda yeye. Musonda hakumuaga. Alikuwa chini ya meza akikaza waya ambao haukuwa umelegea.

Huko Lusaka, kwenye chuo chenye mashine ya ukoo ule ule lakini kubwa mara nyingi, mwalimu aliitwa Kasonde, mtu mpole aliyesomea Uingereza. Majuma ya kwanza Emilienne alijisikia kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Aliandika mstari, akausoma, ukasema alichokusudia. Alichora kiini kipya cha Kashikishi kwenye karatasi: foleni ya kazi hapa, ugavi wa kumbukumbu pale, na mwishoni kile kipande alichokuja kwa ajili yake, cha kuokoa kazi umeme unapokatika. Kipande hicho kilimgomea. Alikigeuza huku na huku, akakipeleka kwa Kasonde.

"Hiki hakiandikiki kwa C," alisema Kasonde. "Umeme unapokatika, unatakiwa uhifadhi yale yaliyomo ndani kabisa ya moyo wa mashine, amri inayofuata ni ipi, namba gani zimeshikwa mkononi. C haiyaoni hayo. Imeyafunika makusudi, ili usihangaike nayo. Hapo lazima ushuke kwenye asembla. Hata walioitengeneza lugha yenyewe hufanya hivyo."

Emilienne aliiweka kalamu mezani.

"Mwalimu," alisema, "mi nimetoka Kashikishi juu ya hiki kipande. Hiki tu. Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?"

"Ulikuja kusoma C. Sikujua ulitaka kuifanyia nini."

Alimfundisha asembla kidogo siku zilizobaki, za kutosha kuisoma kwa kusitasita. Emilienne alirudi kaskazini akijipa moyo kwa jambo moja. Kipande hicho kilikuwa kidogo. Sehemu kubwa ya kiini ingekaa kwenye C, na kadi ya kumbukumbu ilikuwa inamsubiri.

Haikuwa inamsubiri.

"Iko njiani," alisema Ba Mwewa.

"Njia gani, mukwai?"

Ba Mwewa alihamisha kalamu zake mezani kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kibali cha kuagiza vitu vya nje hakikutoka, alisema. Fedha za kigeni zilikuwa hazipatikani, nchi nzima ilikuwa inasubiri vipuri, hata malori. Labda mwakani.

"Uliniambia imeagizwa."

"Iliagizwa. Kuagizwa na kufika ni vitu viwili."

Emilienne alitoka nje akaenda moja kwa moja mpaka majini, akasimama pale na viatu vyake vya Lusaka. Alitaka kupiga kelele, lakini watu wa Kashikishi walikuwa wengi mno. Boti ya ng'ambo ilikuwa inashusha sabuni na vitenge, na mwanamke mmoja alimsalimu kwa Kiswahili cha kwao, "Jambo, dada, habari ya siku mingi?" naye akaitika kwamba ni nzuri. Alikuwa na lugha isiyo na mashine, na mashine yenye lugha asiyoijua vizuri. Mtu pekee aliyeijua lugha hiyo alikuwa hasemi naye.

Ilimchukua siku kadhaa kumwendea Musonda. Alimkuta akikunja tepe.

"Sema," alisema Musonda bila kugeuka. "Najua. Kadi haikuja. Kila mtu anajua."

"Nimekuja kukuomba unisaidie."

"Mimi nilisema asembla. Nilisema mbele ya Ba Mwewa. Kama ningeenda mimi, saa hizi tungekuwa tumemaliza."

"Labda. Lakini kiini nimekichora chote." Aliweka karatasi zake mezani. "Mi nitaandika kwa C, kwa mkono. We utatafsiri kwa asembla. Tutakuwa sisi ndiyo ile programu ya kutafsiri."

Musonda alicheka kwa uchungu. "Kwa hiyo mimi ni kadi yako ya kumbukumbu."

"We ndiye unayejua mashine. Mi najua kiini kinatakiwa kifanye nini. Tukigombana, Lackson atazima injini mpaka tuzeeke."

Musonda aliendelea kukunja tepe. Lakini alasiri Emilienne alimkuta ameinamia karatasi ya kwanza, ametia alama ya kuuliza pembeni mwa mistari karibu yote.

Kazi iliwachukua msimu mzima wa mvua, na haikuwa kazi ya amani. Musonda alilalamika kwamba C ya Emilienne ilitumia nafasi kama mke wa waziri anavyotumia pesa. Emilienne alilalamika kwamba Musonda alifupisha mambo bila kumwambia, kisha wote wawili wakapotea. Mara tatu Emilienne alirarua karatasi. Mara moja Musonda alikwenda kwao Nchelenge akakaa juma zima, akidai anaumwa. Hata hivyo, waligundua jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti: kosa lilipotokea, lilionekana upesi kwenye karatasi za Emilienne, na lilirekebishwa upesi kwenye karatasi za Musonda.

Siku ya kujaribu, Ba Mwewa alikuja na kiti chake. Mashine ilianza kuhesabu samaki waliovuliwa Kafutuma. Emilienne alimpungia mkono Lackson dirishani, naye akazima jenereta. Taa zikafa. Ba Mwewa alikohoa. Lackson akawasha tena, injini ikakoroma, ikashika, na taa nyekundu zikaamka. Kwa kitambo hakuna kilichotokea. Kisha kichapishi kikatikisika, kikaendelea na mstari ule ule kilipouachia.

Musonda alipiga meza kwa ngumi mbili. Emilienne aliinama akausoma mstari huo tena.

"Vizuri," alisema Ba Mwewa, akisimama. "Sasa ripoti ya Lusaka nitaipata lini?"

Mgodi wa Kitwe ulipopata habari kwamba kuna kijana Nchelenge aliyeandika kiini kwa mikono, ulimwita Musonda kwa mshahara ambao mradi wa samaki usingeweza hata kuuota. Mama yake alikuwa amepona. Aliondoka mwezi wa Mei, na safari hii aliaga vizuri, akamwachia Emilienne karatasi zote za asembla zikiwa zimefungwa kwa kamba.

Baada ya hapo mashine ikaanza kuhesabu vibaya. Si kila siku. Wiki mbili ilikuwa timamu, kisha iliamka na kuanza kuchapa namba zisizo na maana, samaki wengi kuliko maji ya ziwa. Karatasi za C hazikuonyesha kosa lolote. Alilazimika kufungua ile kamba.

Alizisoma asembla za Musonda kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga, amri moja, kisha nyingine, akimlaani katika kila ukurasa. Watoto walijifunza kutomsemesha wakati wa chakula. Siku moja alisikia jenereta ikikohoa, ikazimika, ikashika, ikazimika tena papo hapo, halafu ikashika kabisa. Namba zikaja mbovu. Alirudi kwenye ile karatasi na safari hii akajua pa kutazama. Umeme ulipokatika mara ya pili, kiini kilikuwa bado hakijamaliza kuamka. Kikahifadhi kumbukumbu ya mtu aliyeamka nusu juu ya ile nzuri ya mwanzo. Kilitakiwa kiulize kwanza: nimeshaamka, au bado? Aliongeza amri chache, kwa asembla, kwa mkono wake mwenyewe. Lackson alikohoza injini makusudi mara nyingi kadiri alivyoombwa. Namba zilikaa sawa.

Furaha haikumkalia muda mrefu, maana alitaka kumgombeza mtu. Kesho yake alienda posta ya Nchelenge, akapanga foleni, akaomba aunganishwe na Kitwe.

"Musonda! Kiini chako kilikuwa kinahifadhi kikiwa bado kinaamka!"

"Kiini changu?" Sauti ya Musonda ilikuja kama kutoka chini ya maji. "Mimi niliweka swali pale! We ulilitoa! Ulisema halimo kwenye karatasi yako!"

Emilienne alikumbuka kitu kama hicho. "Ungenilazimisha," alisema.

"Kukulazimisha we?" Musonda alicheka, na kwa mara ya kwanza cheko lake halikuwa na uchungu. "Sikia, Ba Emilienne. Hapa wamenipa mashine mpya, hakuna anayeijua. Wanataka kiini kibadilishwe. Wananiambia nichague lugha moja niende kusoma. Nasema sasa nichague C, halafu asembla yao nitajifunza mwenyewe. Unaonaje?"

"Ona kwanza kumbukumbu kwa macho yako!" alipiga kelele Emilienne, na foleni nzima ikageuka. "Usikubali waseme imeagizwa! Shika kadi mkononi! Na uulize kipande cha umeme—"

Laini ikakatika. Aligonga kitako cha simu, akaita, akagonga tena.

"Kitwe imejaa, mama," alisema karani wa posta. "Jaribu kesho."

Nyuma yake mtu alikuwa ameshaweka mkono kwenye simu. Emilienne alimpisha, akatoka nje kwenye jua, akielekea Kashikishi kwa miguu, bado akimalizia maneno yale peke yake.